Madebe ya Heshima juu ya Paa la Mama Mkwe

Vijana, mkipanda juu ya paa la tembe, msirukeruke. Najua mnapanda kupiga picha na simu zenu, na najua hamtanisikia, kwa sababu hata baba zenu hawakunisikia. Lakini paa lile ni udongo. Chini ya udongo kuna majani, chini ya majani kuna fito, chini ya fito kuna boriti, na chini ya boriti kuna mtu amelala. Zaidi ya miaka thelathini nimejenga na kutengeneza matembe hapa Igungulo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuwa kujenga. Ilikuwa kuwaambia watu washuke.

Igungulo mnaijua, lakini nawaandikia pia wale waliozaliwa mjini ambao huja kwa misiba tu. Ni kijiji kidogo upande wa Mpwapwa. Ukikipita kwa bodaboda huku unaongea na simu hutajua kama umekipita. Hata hivyo tuna maringo. Zamani misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipumzika hapa, ikanywa maji na kununua mtama, na watu wetu hawajasahau mpaka leo. Muulize mtu njia ya kwenda zahanati, atakueleza kwanza kwamba babu wa babu yake aliwauzia wapagazi mtama. Zahanati utaitafuta mwenyewe.

Na mtu wa Igungulo hakubali kwamba kitu chake kimeharibika. Ukuta umepinda? Ulijengwa hivyo. Mlango unakwaruza chini? Ndiyo sauti yake. Nimeitwa kwenye nyumba ambayo unalala ndani unahesabu nyota, nikaambiwa, "Fundi, haivuji. Inanyunyiza kidogo tu." Jaribu kufanya kazi na watu hao halafu uniambie kama nywele zako zitabaki kichwani.

Sasa paa lilipokuwa linanyunyiza, dawa ya kijiji kizima ilikuwa moja: ongeza udongo. Mwanamume anachukua debe, anakwenda shimoni, anajaza, anapanda, anamwaga, anakanyagakanyaga, anashuka akiwa amefurahi. Mvua inayofuata inavuja palepale. Anaongeza debe lingine.

Mzee Magawa, aliyenifundisha kazi, alikuwa akiyasikia maneno hayo mawili anatema mate. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye maneno machache, na kila neno lilikuwa la kukukosoa. Alinifundisha hivi, na ninyi mshike hata kama mtajenga kwa saruji maisha yenu yote. Paa linalovuja halijapungukiwa udongo. Udongo wake umechoka. Unakwangua wa juu wote, unateremka mpaka kwenye majani, unatafuta yameoza wapi, unayabadilisha. Ndipo unarudisha udongo mpya, wa kichuguu, uliochekechwa, na unene wake usizidi kiganja kilichosimamishwa. Halafu unaingia ndani, unagonga boriti kwa kisigino cha shoka. Boriti nzima inajibu. Iliyochoka inaguna. Alinigongesha boriti za kijiji chote kwa mwezi mzima, kila siku akiniuliza, "Imesemaje?" Nikikosea ananirudisha kuigonga tena, na wenye nyumba wanacheka.

Msidhani nilikuwa hodari. Paa la kwanza nililotengeneza bila yeye lilikuwa la duka la Mzee Ijaa, Mrangi aliyetoka Kondoa akafungua duka hapa kabla sijaoa. Paa la tembe lazima liinamie upande mmoja kidogo sana, maji yapate pa kutokea. Nililiinamisha vizuri kabisa. Nikaweka mdomo wa kutolea maji juu ya mlango wa duka. Mvua ya kwanza iliponyesha, mtu akitaka chumvi alipaswa kuoga kwanza. Nilipokwenda kuangalia, Mzee Ijaa alikuwa amesimama ndani, kofia yake imelowa, akanitazama kwa utulivu na kusema, "Shikamoo, fundi." Yeye, mtu wa umri wa baba yangu, ananiamkia mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Alinitangaza mpaka Mpwapwa mjini kwamba nimemjengea bafu bure, na kwa miaka kadhaa kila nikipita dukani kwake ananyoosha mkono nje kuangalia kama kuna mvua.

Basi, nimewaambia kosa dogo. Sasa niwaambie kubwa, ambalo halikuwa langu peke yangu, ingawa mimi ndiye niliyekuwa najua.

Kijijini kwetu mkwe akija ukweni haji mikono mitupu. Sehemu nyingine mtu anabeba sukari au kitenge. Igungulo, pamoja na hivyo, mkwe wa kiume alikuwa anapanda na debe la udongo na kulimwaga juu ya paa la mama mkwe kabla hajakaribishwa chakula. Ndiyo heshima yenyewe: nimekuja, nimekufunika. Mkwe mmoja wa Hombolo alisema mwaka mmoja kwamba kiuno kinamuuma, hakupanda. Hadi leo anaitwa Kiuno, na watoto wake wanaitwa watoto wa Kiuno.

Sasa fikirieni mama mkwe wangu. Jina lake silitaji, kwa sababu kwetu mtu halitaji jina la mama mkwe, na uzee haujanibadilisha hapo. Alizaa mabinti saba. Wote waliolewa. Mabinti wa mabinti nao wakaolewa. Kila sikukuu, kila msiba, kila mavuno, wakwe walikuwa wanapanda pale juu mmoja baada ya mwingine na madebe yao. Mimi niliyemwoa Eliza, binti wa tatu, nilipanda kila mwaka kwa miaka ishirini na sita. Mimi, fundi, mwanafunzi wa Mzee Magawa. Nilikuwa namwaga, halafu nakanyaga taratibu, kama vile kukanyaga taratibu kunapunguza uzito. Niliona aibu kuitwa Kiuno. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine.

Lilikuwa tembe kubwa, la pande nne, uwanja wa ng'ombe katikati, lililobaki zima kuliko yote hapa. Ndiyo maana mambo yakawa mabaya zaidi. Miaka ya karibuni wageni wanaopenda mambo ya kale walifika kijijini. Wakalipima, wakalipiga picha, wakasema ni zuri, lisiharibiwe. Neno hilo moja, "lisiharibiwe", mwenyekiti wetu wa kijiji alilimeza lote. Akapigilia kibao: TEMBE LA KALE. USIGUSE. Mgeni mmoja akauliza kwa nini paa ni nene hivyo. Mwenyekiti, bila kupepesa jicho, akajibu kwamba ni ufundi wa wahenga wa kuzuia mishale. Nilikuwa nimesimama pale. Nusu ya ufundi huo wa wahenga niliubeba mimi kichwani.

Nilimfuata baadaye nikamwomba ruhusa ya kukwangua.

"Fundi, wewe unataka kupunguza historia," akaniambia.

"Nataka kupunguza udongo."

"Sasa tofauti iko wapi?"

Nikamweleza kuhusu boriti, kuhusu mvua, kwamba udongo mkavu ni mzito na uliolowa ni mzito maradufu, na kwamba chini yake analala bibi kizee. Akasema jambo hilo litaingia kwenye ajenda ya kikao kijacho. Vijana, nimezeeka nikisubiri vikao vijavyo.

Nikajaribu kwa mama mkwe mwenyewe. Hapo pia mnielewe. Kwetu sisi wa zamani, mtu na mama mkwe wake hawasemi ana kwa ana, hawapishani mlangoni, na chumba anacholala yeye, mkwe hakanyagi kabisa, hata iweje. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mtu mwingine nami nikiwa palepale nasikia. Asipokuwepo mtu anamwambia mbuzi. "Wewe mbuzi, huyo mtu aambiwe uji umepoa." Nami namshukuru mbuzi. Miaka ishirini na sita tumeishi hivyo na hatujawahi kukosana. Kwa hiyo nilimtuma Eliza amwambie mama yake kwamba udongo lazima uteremshwe kabla ya mvua. Jibu likarudi jioni: "Udongo ule ni wa wakwe zangu wote. Nikianza kuuteremsha, nimteremshe nani kwanza?"

Nikamwambia Eliza basi mama ahamie kwetu msimu wa mvua. Jibu: yeye si mkimbizi.

Nikaona angalau nijue hali ya boriti ya chumbani kwake, ile kubwa iliyobeba upande ule wote. Lakini nitaigongaje wakati siwezi kuingia? Nikamtuma Eliza.

"Boriti ikoje?"

"Ipo."

"Najua ipo. Imenyooka?"

"Imenyooka kama zamani."

"Zamani ilikuwaje?"

"Si hivyohivyo."

Nampenda mke wangu, lakini siku ile niliuma kidole. Nikakata ufito, nikampa kisu, nikamwambia: simamisha ufito huu ukutani, pale boriti inapoanza, tia alama. Kisha usimamishe katikati ya chumba chini ya boriti ileile, tia alama nyingine. Hii ni njia nzuri, mkumbuke. Haihitaji macho ya fundi. Akaenda, akarudi na ufito. Kati ya alama ya kwanza na ya pili kulikuwa na shibiri nzima na vidole viwili; boriti ilikuwa imepinda chini kiasi hicho. Nikakaa chini. Niliogopa, nasema wazi.

Nikachonga nguzo ya mpingo yenye panda, mti ambao mchwa hawauwezi, ya kuegemeza ile boriti katikati. Nikaitafutia watu wa kuiingiza. Nusu ya wanaume wa Igungulo ni wakwe wa nyumba ile kwa njia moja au nyingine, hao hawaingii. Waliobaki walikuwa wanamwogopa mwenyekiti na kibao chake. Mzee Ijaa peke yake alikubali, na Mzee Ijaa wakati huo alikuwa anashindwa kunyanyua mfuko wa sukari. Nguzo ikakaa nje, imeegemea ukuta karibu na mlango wa chumba, na kila mpita njia akawa anaisifu kwamba ni mti mzuri.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, kubwa, bila kutangaza. Eliza alikuwa amekwenda Dodoma kuuza karanga soko la Majengo. Mimi nilikuwa dukani kwa Mzee Ijaa. Sikumaliza chai. Nilikimbia nikiwa na umri wa kutokimbia, nikafika uwanjani nimelowa, nikamkuta mwenyekiti amejikinga ukutani na majirani watatu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko ndani," mwenyekiti akajibu. "Tumemwita. Anasema mvua ya kwanza haimtoi mtu kwake."

Ndipo nikaisikia boriti. Iliguna. Mzee Magawa alikuwa amekufa zamani, lakini nilimsikia akiniuliza imesemaje, na mara hii nilijua jibu bila kugonga.

Nikawaambia wale wanaume waingie. Mmoja ni mume wa mjukuu wa mama mkwe, akageuza uso. Mwingine akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama kibao chake. Sikuwa na muda wa kuwatukana, ingawa nilitaka sana. Nikainua ile nguzo, nikainama, nikaingia.

Ndani mlikuwa na giza, na vumbi linadondoka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapeta mtama. Aliponiona alijifunika kanga uso mzima, nami nikafumba macho, nikaenda kwa kupapasa. Niliijua njia kwa sababu nyumba zote hizi najua zilivyojengwa. Nikaisimamisha nguzo chini ya boriti, nikaisukuma ikae. Lakini maji yalikuwa yameshaingia, sakafu ni tope, nguzo ikaanza kuzama. Boriti ikaguna tena, ikateremka. Nikaweka bega langu chini yake, kando ya nguzo, nikasukuma kwa miguu na mgongo.

Mle ndani hamkuwa na mtu wa tatu. Hamkuwa hata na mbuzi. Nikasikia kanga inatoa mchakacho kidogo, kisha sauti yake:

"Wewe nguzo. Umeingia?"

"Nimeingia, mama."

"Ulibisha hodi?"

"Sikubisha."

"Mh."

"Mama, naomba utoke nje."

"Nguzo haina haraka," akasema. "Ngoja nichukue vyombo vyangu."

Na akavichukua. Namwambia Mungu wangu mpaka leo, akavichukua vyote. Akabeba ungo na mtama, akavipeleka mlangoni. Akarudi akachukua chungu. Akarudi akachukua kigoda. Nilikuwa nasikia kitu kinakatika mgongoni kwangu, kidogokidogo, na tope linaingia kati ya vidole vya miguu. Akachukua redio. Nikasikia anasimama, anafikiri.

"Mfuniko wa chungu," akasema.

"Mama, nitakununulia mfuniko."

"Huo nilipewa na mama yangu."

Akautafuta. Akaupata. Mlangoni akasimama tena, na nilidhani amekumbuka kijiko. Akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nguzo, na wewe utoke. Binti yangu bado anakuhitaji." Kisha nikasikia mvua inapiga kanga yake, nikajua yuko nje.

Sikutoka kwa miguu. Niliachia bega, nikajitupa, nikatambaa. Nguzo ya mpingo ilishikilia peke yake muda wa mimi kuvuka kizingiti, halafu upande ule wote ukateremka kwa sauti ndefu, nzito. Hakuna aliyeumia isipokuwa mimi. Mwenyekiti alisema, "Historia yetu." Kama ningeweza kusimama, ningempiga.

Nilipelekwa Mpwapwa hospitali. Daktari akaniambia mgongo huo hautanyanyua tena mzigo, nitafute kazi ya kukaa. Ndivyo nilivyostaafu, vijana. Hakuna sherehe, hakuna cheti. Ndiyo maana mnaniona nakaa nje nawapigia kelele mnaporuka juu ya mapaa ya watu.

Wiki mbili baadaye wazee wakaitisha kikao ndani ya duka la Mzee Ijaa. Nilidhani hatimaye tutazungumza kuhusu udongo. Nilikuwa nimeshapanga maneno: kwamba tukwangue mapaa yote yaliyobaki, kwamba heshima ya mkwe ihamie kwenye kuni au maji au chochote kisicholala juu ya kichwa cha mtu. Wakafungua kikao kwa ajenda moja. Fundi Chedego ameingia chumba cha mama mkwe wake. Bila hodi. Mchana kweupe. Faini ya jambo hilo kwa desturi ni mbuzi, na kwa desturi pia mtu huyo hakai tena na watu kwenye vikao, anasimama. Paa lililotaka kumuua bibi kizee halikutajwa hata kidogo. Nikasimama upande wa nje, karibu na mlango wa duka, nimeegemea fimbo, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa ndani nami siwezi kukaa alipo. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Eliza alikuwa analia kwa hasira, ananong'ona kwamba mwaka huu atahama kijiji hiki. Nilimwelewa. Hata mimi nilikuwa nimechoka nao, wote, na babu zao waliouza mtama.

Mzee wa baraza akamgeukia mama mkwe. Yeye alikuwa amekaa ameelekea ukutani, mgongo kwangu, kanga kichwani.

"Mama, tueleze. Siku ile ya mvua, mwanamume aliingia chumbani kwako?"

"Sikuona mwanamume."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akasafisha koo.

"Mama, tulikuwepo. Tulimwona anaingia."

"Ninyi mlikuwa nje mmejikinga mvua. Mimi ndiye niliyekuwa ndani. Niliona nguzo. Ilishika boriti mpaka nikatoa vyombo vyangu vyote."

Mzee Ijaa akaangalia chini akitabasamu. Mzee wa baraza akafikiri sana, kisha akauliza, kwa kuwa lazima aulize kitu:

"Na nguzo hiyo iko wapi sasa?"

"Imesimama pale nje mlangoni," akasema. "Inaumwa mgongo. Ipeni kiti."